Leso, sweta na mshipi: je, vinaweza kumkinga mtu anaposhambuliwa?

Fundi wa Kaptembwo, Nakuru

Nawasalimu nyote. Mimi ni fundi wa nguo mjini Nakuru, na kwa kuwa wateja wengi huja kuchukua nguo zao baada ya kazi, mara nyingi mimi hufunga kibanda saa mbili usiku, kisha hupanda matatu hadi Kaptembwo, ambako hunibidi kutembea kipande cha njia kisicho na taa. Wanawake tunaofanya kazi pamoja tumekuwa tukijadiliana kuhusu namna ya kujikinga. Hakuna kati yetu anayetaka kubeba kisu, kwanza kwa sababu ya maswali ya polisi, na pili kwa sababu kisu kikinyakuliwa humgeukia aliyekileta.

Ndipo mmoja wetu akadai kwamba vitambaa tunavyovaa kila siku vinatosha: leso, mtandio, sweta, mshipi wa suruali, hata taulo. Anasema kwamba ukifunga kufuli kwenye pindo la leso unapata silaha inayoshinda rungu, na kwamba ukizungusha sweta mkononi kisu hakipiti. Mimi hushika vitambaa kutwa kucha, na madai hayo yananitia shaka. Ningependa kusikia kutoka kwa wenye ujuzi: ni kipi kati ya vitu hivi kinachosaidia kweli na kwa namna gani, na je, sheria inasemaje nikimwumiza mtu kwa leso yenye kufuli?

Mkufunzi wa judo, Kisumu

Dada fundi, shaka yako ina msingi, ingawa mwenzako hajapotoka kabisa. Kitambaa ni chombo cha kale sana katika mapigano. Julius Caesar, akieleza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Warumi, anasimulia jinsi askari wake walioshtukizwa huko Hispania mwaka 49 KK walivyozungusha majoho yao kwenye mikono ya kushoto kabla ya kuchomoa panga. Karne nyingi baadaye walimu wa upanga wa Italia waliligeuza jambo hilo kuwa somo kamili: Achille Marozzo alilieleza katika kitabu chake cha 1536, naye Giacomo di Grassi katika chake cha 1570.

Di Grassi ana onyo moja ambalo wewe utalielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Anasema kwamba joho huzuia makali pale tu linaponing'inia bila kitu kigumu nyuma yake, na kwamba sehemu iliyozungushwa mkononi haifai kupokea pigo. Wewe unajua jinsi wembe unavyokata kitambaa kilicholazwa juu ya meza, na jinsi unavyohangaika kukata kile kinachopepea hewani. Basi mkono uliofungwa sweta ni ile meza. Anayesema kwamba kisu hakipiti kwenye sweta anakosea, hasa sweta iliyofumwa, kwa sababu ncha hupenya kati ya nyuzi pasipo kukata chochote. Jaketi nene la dengrizi au la ngozi linaweza kupunguza kina cha mkato wa juu juu, na hilo si jambo dogo, lakini halizuii kuchomwa. Mtu akilazimika kabisa kuuinua mkono, ageuze upande wa nje wa kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo) uelekee kwa adui na upande wa ndani umwelekee yeye mwenyewe, kwa kuwa mshipa wa damu unaoupima kwenye kifundo cha mkono upo upande huo wa ndani, karibu sana na ngozi.

Matumizi ninayoyaamini ni mengine: kumrushia mtu kitambaa usoni. Binadamu hufumba macho kitu kinapomjia usoni kwa ghafla, na hafanyi hivyo kwa hiari. Hata aliyefunzwa hawezi kulizuia jambo hilo kikamilifu. Kufumba huko, pamoja na mkono wake kuinuka kuondoa kitambaa, hukupa muda mfupi sana ambao haufai kutumiwa kwa kupigana, bali kwa kuondoka. Leso ni pana, yapata mita moja na nusu kwa mita moja na zaidi kidogo, na ukiirusha ikiwa imetandazwa hushika hewa na kuanguka njiani. Ikusanye nusu kwenye kiganja, uirushe mtu akiwa karibu, hatua mbili hivi, na uiachilie. Nasisitiza kuiachilia. Kitambaa kinachoshikwa na watu wawili kimekwisha kuwa kamba, na mwenye nguvu zaidi ndiye atakayekivuta. Miguu ianze kukimbia wakati ule ule leso inapotoka mkononi, kuelekea penye watu na mwanga, hata kama nyumbani ni upande mwingine.

Sasa niseme jambo ambalo mijadala mingi ya namna hii huliruka. Katika miji yetu mshambuliaji hasimami mbele yako kama katika filamu. Anakuja kwa nyuma na kukupiga ngeta, yaani kukukaba shingo kwa mkono. Hapo leso iliyo mkononi haina kazi, na mtandio uliozungushwa shingoni ni zawadi kwake. Mchezo wa judo, tangu Jigoro Kano alipouanzisha Tokyo mwaka 1882, umejengwa juu ya kushika ukosi na mkono wa nguo ya mwenzako, kwa hiyo nawaambia kwa uzoefu wa mazoezi kwamba nguo uliyovaa ni mpini wa kukubebea. Kofia ya sweta inayoning'inia mgongoni, mtandio wenye fundo, kamba ya kitambulisho cha kazi: vyote hivyo humrahisishia kazi. Ukitoka kibandani usiku, kofia iingie ndani ya ukosi, kitambulisho kiingie mfukoni, na mtandio ulale mabegani bila fundo ili ukivutwa utoke wenyewe. Kujinasua kwenye ngeta (kidevu chini, mikono miwili kuuvuta mkono wake, kisha kujigeuza kuelekea kwenye kiwiko chake) hakufundishiki kwa maandishi. Tafuta klabu yenye mwalimu, ufanye mazoezi na mtu mzito kuliko wewe.

Mama Mitumba, Kibuye

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na ninakubaliana nawe kwa mengi, lakini nadhani hujawahi kuvaa leso. Sisi tunaouza katika soko la Kibuye, Kisumu, hufunga leso kiunoni kwa fundo la kukaza, kwa sababu tunainama na kubeba mizigo siku nzima. Mpaka mtu alifungue fundo hilo, mwizi amekwisha kufika mtaa wa Kondele na simu yake. Leso ya kurusha ni ile iliyolazwa begani au iliyokunjwa juu ya kikapu, na mwanamke anayebeba mtoto kwa leso asifikirie habari hiyo hata kidogo.

Tena kuna jambo la pesa. Wengi wetu hufunga mauzo ya siku kwenye pindo la leso, na vijana wa mtaani wanalijua hilo tangu enzi za mama zetu. Ukiirusha leso hiyo umemlipa mshahara. Mimi hutenganisha: pesa zangu zinakaa mahali ambapo sitapataja hapa, na kwenye pindo nabakiza noti ndogo ndogo. Akizitaka, achukue.

Kuhusu mkoba, nimeona mwanamke akiburutwa na pikipiki kwa sababu mkanda wa mkoba wake ulikuwa umepita begani na kuvuka kifua. Mwizi hakukusudia kumburuta. Mkanda ulikataa kukatika tu. Tangu siku hiyo mkoba wangu nautundika kwenye bega moja, upande wa mbali na barabara, na mizigo mizito huenda kwa mkokoteni mchana. Usiku tunaondoka sokoni kwa makundi. Najua fundi anafunga kibanda peke yake na huenda ushauri huu usimfae, lakini sijaona kitambaa kilichomshinda mwenzako wa kutembea naye.

Wakili wa Kakamega

Nitajibu sehemu ya sheria peke yake. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, hakiorodheshi silaha zinazoruhusiwa. Kinasema kwamba jukumu la jinai la mtu aliyetumia nguvu kujilinda au kulinda mali litapimwa kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza (common law), yaani ile iliyojengwa na maamuzi ya mahakama. Mahakama zetu kwa muda mrefu zimefuata uamuzi wa kesi ya Palmer wa mwaka 1971, uliotolewa na Baraza la Faragha huko London katika rufani iliyotoka Jamaika. Kwa ufupi, mtu aliyeshambuliwa ana haki ya kufanya linalohitajika ili ajilinde, mradi liwe la kadiri, na mahakama haitamdai awe amepima kwa mizani kamili kiasi cha nguvu alichotumia wakati moyo wake ulikuwa ukienda mbio. Hatari ikiisha, haki hiyo nayo inaisha. Mtu aliyeangushwa chini na akaacha kushambulia hawi tena mshambuliaji, na pigo linalofuata ni kosa jipya, ambalo safari hii ni lako.

Sasa kufuli. Leso begani ni vazi, na hakuna askari atakayekuuliza kwa nini unayo. Kufuli mkobani ni kufuli la kibanda. Lakini kufuli lililofungwa kwa fundo kwenye pindo la leso, au jiwe lililotiwa ndani ya soksi, halina kazi nyingine ila kumpiga mtu, na upande wa mashtaka utauliza ulilitengeneza lini na kwa nia gani. Tofauti kati ya aliyenyakua kilichokuwa karibu akiwa katika hatari na aliyetayarisha silaha kabla hajatoka nyumbani inaonekana mara moja mbele ya hakimu. Isitoshe, chuma kinachozungushwa kwenye ncha ya kitambaa huenda kwa kasi kubwa kuliko mkono wenyewe, na kikimpata mtu kwenye fuvu kinaweza kumwua. Hutaweza kuchagua kati ya kumtisha na kumwua, kwa kuwa kitu hicho hakidhibitiki.

Vivyo hivyo kwa kukaba. Nimesoma mahali watu wakipendekeza kumzungushia mwizi mtandio shingoni. Shingo ikibanwa pande zote mbili damu haifiki kwenye ubongo, na mtu huzimia kwa sekunde chache. Atakayeendelea kukaza baada ya hapo atajibu shtaka la kuua. Sioni hali ambayo ningemshauri mteja wangu afanye hivyo wakati njia ya kukimbia ipo.

La mwisho ni kelele, kwa kuwa najua zitatajwa. Piga nduru, ndiyo. Ila fikiri kabla ya kutamka neno «mwizi». Sote tunajua umati unavyofika ukiwa na mawe na magurudumu, na nimeshughulikia mambo ambapo aliyeuawa hakuwa aliyekimbia na mkoba. Kupaza sauti kwamba unaumizwa, au kuwaita majirani kwa majina yao, huleta watu vile vile.

Mlinzi wa usiku, Bungoma

Wakili amesema vyema. Niongeze machache kuhusu mshipi, kwa kuwa sisi wanaume ndio tunaojidanganya nao. Watu husema kwamba mshipi wenye kifungo kizito cha chuma ni silaha nzuri. Huenda, kwa mtu ambaye tayari ameushika mkononi. Kuufungua, kuuchomoa kwenye vishikio vyake vyote na kuuzungushia kiganjani huchukua muda mwingi, na ukimaliza utapigana huku mkono mmoja ukishikilia suruali. Taulo lililoloweshwa nalo huuma ngozi likichapwa, lakini maumivu hayo hayamsimamishi mtu aliyekusudia. Kwa maoni yangu, tochi yenye mwanga mkali hufanya kazi ile ile ya leso machoni, hufika mbali zaidi, na haikuachi ukitetemeka kwa baridi.

Mahali ambapo nguo hunisaidia mimi hasa ni kwa mbwa. Katika kazi hii hukutana nao alfajiri kuliko wezi. Mbwa anapokuja kwa kasi, hung'ata kile kinachomfikia kwanza, basi nampa sweta: naivua, naishika upande mmoja na kuiacha ining'inie mbele yangu mbali na miguu, naye akiidaka namwachia huku nikirudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Mtu akiumwa hata kidogo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, kwa maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna tiba.

Fundi wa Kaptembwo, Nakuru

Nawashukuru nyote kwa dhati. Habari ya kufuli nimeifikisha kwa mwenzangu, naye amelirudisha mlangoni. Maneno ya mwalimu kuhusu kitambaa kinachoning'inia niliyajaribu kibandani kwa wembe na mabaki ya dengrizi, na ni kweli tupu: kilichoning'inia kilisukumwa kando, kilicholazwa kilikatika mara moja.

Kwa upande wangu wa ufundi, nimefikiria mtandio ambao umekatwa sehemu ya nyuma ya shingo na kuunganishwa kwa kipande kifupi cha velkro, ili ukivutwa kwa nguvu uachane badala ya kukaba. Nafikiria kufanya hivyo hivyo kwa kamba za vitambulisho. Mwalimu, je, unaona velkro itatosha, au itaachana kila nikigeuza kichwa? Tena naomba kuuliza swali ambalo wanawake wenzangu wananisukuma nilitoe: ikiwa mambo yameharibika na mtu ameumizwa, nguo hizo hizo zinaweza kusaidia vipi?

Muuguzi wa Kisumu

Dada, hilo la mwisho ni swali langu, na kusema kweli hapo ndipo leso ina manufaa kuliko pote palipotajwa. Jeraha linalotoka damu nyingi hukandamizwa moja kwa moja kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, kwa nguvu ya viganja viwili, bila kuchungulia kila baada ya muda kama damu imekoma. Kitambaa kikilowa usikibandue; weka kingine juu yake na uendelee kukandamiza, kwa sababu ukikiondoa unang'oa damu iliyokwisha kuganda. Kisu kilichobaki mwilini kisichomolewe. Zungushia leso pande zake ili kisitikisike, na mgonjwa apelekwe hivyo hivyo.

Ikiwa ni shambulio la kingono, naomba kila anayesoma hapa ayashike mambo yafuatayo hata akisahau mengine yote. Nguo alizokuwa amevaa mwathiriwa zisifuliwe, na ikiwezekana yeye mwenyewe asioge kabla ya kuonwa na daktari. Akibadilisha nguo, zile za mwanzo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki, kamwe si kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu unaobaki ndani ya plastiki hukuza ukungu na kuharibu ushahidi. Kila nguo iwe na mfuko wake. Afike hospitalini mapema iwezekanavyo: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Hahitaji kupitia kituo cha polisi kwanza ili atibiwe. Hospitali itajaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, na ile ya P3, inayoeleza majeraha kwa ajili ya kesi, itafuata kutoka kwa polisi. Matibabu hayo katika hospitali ya umma hugharamiwa na serikali kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, kwa hiyo anayedaiwa pesa mlangoni ana haki ya kuuliza. Simu ya bure ya kuomba msaada ni 1195, saa zote. Ya polisi ni 999 au 112.

Mama wa Kibuye, leso zako za kubebea mtoto ziendelee kubeba mtoto. Ila hifadhi moja safi mkobani.

Mkufunzi wa judo, Kisumu

Mama Mitumba, nimekubali. Sijawahi kufunga leso kiunoni, na hoja ya fundo nitaifikisha kwa wanafunzi wangu wa kike Jumamosi. Naye mlinzi ana haki kuhusu tochi. Anayeweza kuwa nayo aishike mkononi kabla ya kushuka kwenye matatu.

Fundi, wazo lako la mtandio ni jema kuliko lolote nililolitaja mimi. Velkro hushika sana inapovutwa kwa mlalo, yaani pande mbili zikitelezeshwa kinyume, na huachana kwa urahisi inapobanduliwa kutoka kwenye ukingo. Mtandio unaovutwa kwa nyuma huenda ukavuta kwa mlalo, na hapo kipande kirefu kitakataa kuachana. Kwa hiyo anza na kipande kidogo, kisichozidi upana wa vidole viwili, au utumie vifungo vya chuma vya kubana vya ukubwa mdogo kabisa, kimoja au viwili. Uvae, na mwenzako asimame nyuma yako auvute ghafla, huku wewe umeingiza vidole kati ya kitambaa na shingo ili usiumie. Ukihisi vidole vimebanwa kabla haujaachana, punguza tena. Kamba za vitambulisho zijaribiwe kwa namna hiyo hiyo, lakini kiungo chake kiwe nyuma ya shingo, siyo karibu na kadi. Ukipata kipimo kinachofaa, tafadhali kiandike hapa, pamoja na bei. Klabu yetu ina wasichana wengi wanaorudi Nyalenda na Manyatta baada ya mazoezi, na ningependa kuagiza.